Tone la Maji Kwanza: Ninavyotunza Samani za Mbao kwa Vitu vya Jikoni

Kabla hujagusa siki, ndimu au mafuta ya nazi, dondosha tone la maji mahali pasipoonekana, chini ya meza au nyuma ya mguu wa kiti. Likikaa juu limejikunyata, ujue mbao yako imepigwa vanishi, na utakachokisafisha ni hiyo vanishi, si mbao. Likinywewa na kuacha doa la rangi iliyokolea, mbao iko wazi, au iliwahi kupakwa mafuta tu. Karibu ushauri wote wa dawa za jikoni unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp unaliruka swali hili. Ndiyo maana mmoja atakwambia mafuta ya nazi yamemng'arishia kabati, na mwingine atalalamika kwamba lake sasa linanasa vumbi. Wote wawili wanasema kweli.

Kwangu hapa Dar es Salaam vipo vya aina zote. Meza ya kulia ya mninga na kabati la nguo nililochongesha kwa mafundi wa Keko vina vanishi. Mbuzi ya kukunia nazi, kinu, miiko na ubao wa kukatia havina kitu. Halafu lipo sanduku la mvule alilotuachia bibi, ambalo halijawahi kuona vanishi, linatunzwa kwa mafuta na nta.

Nianze na vya vanishi, maana havina mengi. Vumbi la mjini lina mchanga, na ukilisugua kavu unaipiga msasa vanishi yako kila siku bila kujua. Kitambaa kizuri kuliko vyote ni kanga kuukuu iliyokwisha kulainika: kipande kimoja kiwe na unyevu kidogo, cha pili kikavu kifuate papo hapo. Meza ikinata kwa mafuta ya chakula na vidole vya watoto, tia vijiko viwili vya siki kwenye nusu lita ya maji ya uvuguvugu, kamua kitambaa mpaka kisichuruzike, pangusa, kausha. Siki ni tindikali, kwa hiyo isiwe desturi ya kila asubuhi. Ukiizoesha, mng'ao unafifia polepole. Ndimu mimi siipaki kwenye vanishi hata kidogo. Mafuta nayo hayana pa kuingilia pale, yatabaki juu yakisubiri vumbi.

Kuna wanaosema mbao inahitaji "kulishwa" mafuta isife njaa. Mti ukishakatwa haulishwi tena. Kazi ya mafuta kwenye mbao iliyo wazi ni kupunguza kasi ya maji kuingia na kutoka, na kuikoza rangi. Hilo ni jambo kubwa kwetu watu wa pwani, ambako mbao huvimba wakati wa masika na kusinyaa kaskazi inapokausha, na mvutano huo ndio unaoipasua.

Sasa mafuta gani? Ya nazi yanapatikana, hayaozi upesi na harufu yake ni ya nyumbani, lakini hayakauki. Yanabaki kimiminika ndani ya mbao, tena kwa joto la Dar hata kuganda hayagandi. Kwa mwiko na ubao wa kukatia hilo halina shida, unapaka, unaacha usiku kucha, unafuta yaliyobaki. Ya alizeti ndiyo ninayoyakwepa zaidi: hukauka nusu nusu, yakanata, kisha yakanuka. Mafuta yanayokauka sawasawa na kufanya tabaka ni ya kitani, ambayo baadhi ya maduka ya rangi huuza. Lakini soma kopo vizuri, kwa sababu yale yanayoitwa "yaliyochemshwa" mara nyingi yametiwa dawa za kuyakausha haraka, kwa hiyo usiyapake kwenye chombo cha chakula. Na hili nalisisitiza: tambara lililolowa mafuta ya kitani likikunjwa na kutupwa kwenye kona hujipasha moto lenyewe na linaweza kuwaka. Litandaze nje mpaka likauke, au liloweke kwenye ndoo ya maji.

Kwa sanduku la bibi natumia mafuta pamoja na nta ya nyuki. Nta nzuri hutoka Tabora na mikoa jirani yenye miombo, na wauza asali ukiwaagiza huwa wanaleta. Kipimo changu ni sehemu moja ya nta kwa sehemu tatu za mafuta. Vitabu vingi husema nne, lakini kwa joto letu mchanganyiko huo unabaki laini kama samli. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, kwa hiyo moto mkali wa nini? Weka bakuli la bati ndani ya sufuria ya maji moto, nta iyeyuke taratibu, ongeza mafuta, koroga, mimina kwenye kopo. Usiiweke nta moja kwa moja juu ya jiko, kwani inashika moto. Ikipoa, paka kidogo sana kwa kufuata nyuzi za mbao, iache nusu saa, kisha sugua kwa kitambaa kikavu mpaka kidole kikipita kisiache alama. Ukiona inateleza na kuacha alama, umepaka nyingi. Watu wengi hukosea hapo hapo.

Madoa yana hadithi mbili tofauti. Duara jeupe lililoachwa na kikombe cha chai ni unyevu ulionaswa ndani ya vanishi, haujafika kwenye mbao. Lipashe joto: tandika kitambaa kikavu cha pamba, pitisha pasi isiyo na maji na isiyo moto sana, nyanyua uangalie, rudia. Likigoma, sugua kwa dawa ya meno nyeupe ya kawaida, au kwa jivu laini lililochekechwa na tone la mafuta, ukizungusha kidole polepole. Hapo unalainisha uso wa vanishi, kwa hiyo ukimaliza doa, simama.

Duara jeusi ni habari nyingine. Maji yamepenya hadi kwenye mbao, na chuma (cha msumari, cha kopo, cha sufuria iliyotua) kimekutana na tanini iliyomo ndani yake. Ndimu na chumvi vitalififisha kwenye mbao iliyo wazi, mara nyingi bila kulimaliza. Kwa sababu hiyo hiyo usisugue mbao iliyo wazi kwa waya wa kusugulia sufuria, hasa ukiwa na siki mkononi. Vipande vyake vinabaki kwenye vinyweleo vya mbao na kuivalisha madoadoa meusi. Chumvi na ndimu kazi yao halisi ni ubao wa kukatia na mbuzi: nyunyiza chumvi, sugua kwa nusu ya ndimu, suuza kwa maji moto, anika ubao ukiwa umesimama ili pande zote mbili zikauke pamoja. Ukiulaza, unapinda.

Wakati wa masika adui ni ukungu. Sogeza kabati mbali na ukuta, hata upana wa kiganja tu, maana ukungu huanzia pale ambapo hewa haipiti. Ulioota ufute kwa siki na maji, kausha, acha milango wazi mchana. Matone machache ya mafuta ya karafuu kutoka Zanzibar kwenye maji ya kufutia husaidia kuuzuia usirudi, ila yasizidi, kwani makali yake yanaweza kulainisha vanishi.

Kuhusu wadudu sitawadanganya. Ukiona vitundu vidogo na unga laini chini ya kiti, maji ya mwarobaini unayopaka juu hayamfikii funza aliyejificha ndani. Mafuta ya taa, ambayo wazee waliyapenda, yananuka kwa miezi na yanaalika moto. Kinachoua ni joto: kanuni za kimataifa za kutibu mbao za kufungashia mizigo zinataka nyuzi 56 katikati ya mbao kwa dakika 30. Kigoda kilichofungwa kwenye nailoni nyeusi na kuanikwa jua kali siku kadhaa kinaweza kukaribia hapo. Kitanda hakiwezi, mwite fundi. Lakini kinga inaanzia dukani. Wadudu wengi wa namna hii hufuata wanga uliomo kwenye ile sehemu nyeupe ya pembeni ya gogo, wakakiacha kiini. Ukinunua cha mninga, geuza kila ubao uangalie weupe uliofichwa kwa rangi. Dumuzi wa mahindi, aliyeingia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, ni wa ukoo mmoja na watoboa mbao, naye hutafuna mbao vizuri tu, kwa hiyo magunia ya mahindi yasikae kando ya kabati.

Droo zikikwama, usizivute kwa nguvu. Zitoe, futa vumbi, sugua kingo zake kwa kipande kikavu cha sabuni ya mche au kwa mshumaa. Zikiendelea kukwama, vumilia mpaka Julai au Agosti ndipo umwite fundi na randa yake. Akiziranda wakati wa mvua, mbao ikiwa imevimba, kiangazi zitakuwa zinacheza.