Somo la Jikoni: Makaa Yanayopaa na Mvuke

Leo tunafanya hesabu kidogo, lakini msiogope, ni hesabu ya sufuria. Tafuteni kalamu na karatasi.

Hapa Bulla Pesa wengi wetu tunajua kwamba maji ya kunywa yaliyochemshwa huzuia kipindupindu na homa ya matumbo. Shida ni makaa. Mama akiona yamebaki kidogo, huacha kuchemsha, na watoto wanakunywa maji hivyo hivyo. Basi tujiulize, makaa yetu yanaenda wapi?

Joto hupimwa kwa kilojuli. Lita 1 ya maji inahitaji kilojuli 4.2 ili ipande digrii 1. Tuchukue sufuria ya lita 10, maji yakiwa na digrii 26 yanapotoka mtungini. Isiolo iko kama mita 1,100 juu ya bahari, kwa hivyo maji hapa huchemka kwenye digrii 96 hivi, si 100 kama kule Mombasa. Basi yanapanda digrii 70:

10 x 4.2 x 70 = kilojuli 2,940

Kilo 1 ya makaa makavu ina karibu kilojuli 29,000. Lakini kwa jiko la bati joto jingi linapotea hewani. Tuseme sehemu 1 kati ya 5 ndiyo inafika kwa maji, yaani 5,800. Kwa hiyo kuchemsha lita 10 kunahitaji kama nusu kilo ya makaa. Hiyo si hasara.

Hasara inaanza maji yakishachemka, nasi tuko mlangoni tunaongea na jirani. Maji yanayochemka hayaongezeki joto, hata ukijaza makaa mpaka juu. Ni 96 tu. Joto lote sasa linafanya kazi nyingine, kugeuza maji kuwa mvuke, na kazi hiyo ni ghali kweli: lita 1 ikipaa yote, imekula karibu kilojuli 2,260. Linganisheni na ile 2,940 iliyochemsha lita 10 nzima! Kwa jiko letu hiyo ni karibu gramu 390 za makaa. Ukifanya hivyo kila siku, kwa mwezi ni karibu kilo 12.

Na viini vya magonjwa je? Vinakufa. Maji yakishatokota kwa nguvu, sufuria nzima, yanatosha. Epua, acha yapoe yenyewe yakiwa yamefunikwa. Makaa yaliyobaki pika chai.

Zoezi kwa kikundi: pimeni lita 10 kwa chupa, mchemshe kama mlivyozoea nyumbani, bila mtu kuharakishwa. Yakipoa pimeni tena. Kila lita iliyopungua zidisheni kwa 2,260, mgawanye kwa 5,800, mtapata kilo za makaa zilizopaa. Siku ya pili rudieni kwa kutumia kifuniko na kuepua mapema. Wenye jiko la udongo watatumia makaa machache zaidi, lakini mvuke kwao pia unakula kilojuli zile zile.

Maharagwe nayo yako hivyo. Hayaivi haraka kwa sababu maji yanarukaruka. Yakianza kutokota, funika, kisha punguza mlango wa jiko.