Uvimbe Usioeleweka: Kipimo cha Kinyama Kabla ya Dawa

Mtu wa Kilwa Kivinje akitokwa na uvimbe pajani, mara nyingi anayeushika kwanza ni mkandaji. Tafadhali, usikandwe wala usichanjwe. Uvimbe uliozidi yai la kuku, unaozidi kukua, ulio ndani ya msuli, au uliorudi baada ya kukatwa, upelekwe Hospitali ya Kinyonga. Huenda ni sarkoma, saratani ya mifupa au nyama laini za mwili. Kutoka hapo rufaa huweza kupita Hospitali ya Sokoine, Lindi, hadi taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam.

Huko, ulizia kwanza kipimo cha kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kinachotolewa na kuchunguzwa maabara. Sarkoma zina aina nyingi, na tiba lengwa, yaani dawa inayopiga kasoro fulani ndani ya seli, haisaidii pasipo na kasoro hiyo. Chukua imatinibu. Machi 2000, mgonjwa mmoja nchini Finland mwenye GIST, sarkoma ya tumbo na utumbo, alianza kuimeza ugonjwa ukiwa umeshasambaa, na uvimbe ukanywea. Dripu za kawaida za saratani zilikuwa hazifui dafu mbele ya ugonjwa huo. Kidonge hiki huzima protini iitwayo KIT, ambayo kwenye GIST nyingi huziamrisha seli zizaliane bila kukoma. Tangu 2015 kimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ugonjwa huo. Sarkoma ya mfupa ni habari nyingine; kidonge hiki si dawa yake. Inaniuma sana ndugu wanapouza mikorosho kununua dawa ambayo majibu ya kinyama yangewaambia haiwafai.

Ukialikwa kwenye utafiti wa dawa, omba kuona kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na cha TMDA, mamlaka ya dawa. Nani analipa nauli, vipimo na matibabu ya madhara? Utafiti ukiisha, dawa itaendelea? Unaweza kukataa, hata kujitoa katikati, bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Uliza pia nani anakagua matokeo njiani. Katika utafiti wa dawa za sarkoma ya Kaposi, wenye wagonjwa 334 wa Kenya, Uganda, Malawi na nchi nyingine tatu, tiba mbili zilisimamishwa mapema, 2016 na 2018, ilipodhihirika ya tatu, paklitakseli, inazishinda.

Kwa anayemeza vidonge kila siku, kuna suala la barabara. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, njia ya Dar es Salaam ilikatika Somanga. Kabla ya masika, mwombe daktari dozi ya kutosha, na nakala ya majibu ya kinyama ibaki nyumbani.