Haki ya kugonga: wavulana na wasichana kwenye mkeka mmoja

Judo na jujitsu ni michezo ya kushikana. Shughuli yake kuu si ngumi wala teke. Unamkamata mwenzako nguo, unamtoa kwenye mizani yake, unamwangusha, kisha unamlalia asiinuke, unampiga kabali au unamkunja kiungo mpaka akubali. Kwa hiyo mzazi wa Songea anayeletewa habari kwamba binti yake anataka kujiunga na kikundi chenye wavulana haogopi mifupa kwanza. Anauliza: atashikana na nani? Swali hilo ni halali, na anayejibu "huu ni mchezo tu" hajalijibu.

Mwalimu, kwa nini wavulana na wasichana wasitenganishwe tu? Mbona kwenye mashindano wanatenganishwa?

Kwenye mashindano wanatenganishwa, na ni sawa kabisa. Katika Olimpiki wanawake wana madaraja yao ya uzito kuanzia kilo 48, wanaume kuanzia kilo 60. Hata shindano la timu mchanganyiko, lililoingizwa katika michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021, huwakutanisha mwanamke na mwanamke, mwanaume na mwanaume, ingawa pointi zao huingia kapu moja. Sitetei mvulana na msichana kuwania medali moja. Ninachotetea ni mazoezi, na mazoezi yana shabaha nyingine. Jigoro Kano, aliyeanzisha judo na shule yake ya Kodokan mjini Tokyo mwaka 1882, aliujenga mchezo juu ya nguzo mbili: kutumia nguvu kwa busara, na kunufaishana. Kwenye mazoezi unamwazima mwenzako mwili wako ajifunzie, na zamu yako ikifika unaazimwa wa kwake. Sasa chukua kikundi cha vijana kumi na saba, watatu kati yao wasichana. Ukiwatenga, binti wa kilo 50 atashikana na watu walewale wawili mwaka mzima. Atazijua tabia zao, lakini judo haitamwingia.

Historia ya mchezo wenyewe inaonyesha gharama ya kutenga. Kodokan ilifungua idara ya wanawake mwaka 1926, lakini wanawake hawakuruhusiwa kushindana, na sehemu kubwa ya mafunzo yao ikawa mitindo iliyopangwa tangu mwanzo hadi mwisho. Keiko Fukuda, mjukuu wa mmoja wa walimu wa Kano, alikwama kwenye dani ya 5 (daraja la mkanda mweusi) kwa miaka mingi kwa sababu kanuni haikumruhusu mwanamke kupanda zaidi. Mmarekani Rusty Kanokogi alishinda medali ya timu katika jimbo la New York mwaka 1959 akiwa amejificha kama mwanaume, akanyang'anywa alipokiri kuwa ni mwanamke. Miaka mitatu baadaye alikwenda Kodokan, akawazidi wanawake wa pale, akaruhusiwa kufanya mazoezi na wanaume katika ukumbi mkuu. Huyohuyo ndiye aliyeandaa mashindano ya kwanza ya dunia ya judo ya wanawake, New York, 1980. Judo ya wanawake ikaingia rasmi Olimpiki mwaka 1992. Hapa kwetu, Tanzania imempeleka mwanaume, Andrew Thomas Mlugu, kwenye judo ya Olimpiki mara mbili, Rio 2016 na Paris 2024. Lakini timu mchanganyiko inahitaji wanawake watatu, na hao hawaokotwi njiani wiki moja kabla ya safari.

Lakini mvulana ana nguvu zaidi. Si atamuumiza?

Anaweza, na anayekataa hilo hasemi kweli. Kabla ya kubalehe tofauti ni ndogo; baada ya hapo mabega, mikono na shingo ya mvulana hukua kwa kasi ambayo msichana hawezi kuifuata, hata wakiwa na uzito mmoja. Kwa hiyo kulinganisha kilo peke yake hakutoshi. Mwalimu aangalie mambo matatu kwa pamoja: uzito, nguvu na ujuzi. Na ujuzi ndio wenye kauli kubwa. Mtu hatari kwenye mkeka ni mgeni wa wiki ya pili, wa jinsia yoyote, anayeogopa kuangushwa na hivyo kujikaza kama gogo, kisha kuanguka na uzito wake wote juu ya goti la mwenzake. Mvulana mwenye mkanda wa kahawia anaweza kumwangusha binti wa kilo 48 na bado akaushikilia mkono wa nguo yake mpaka mgongo utue taratibu. Kwa hiyo wageni wasikutanishwe wenyewe kwa wenyewe. Kila mmoja apewe mzoefu.

Tuseme wazi, mwalimu. Mwili unagusana na mwili. Huoni kwamba mnawafundisha vijana kuzoeana vibaya?

Hapa ndipo penye kiini. Tazama kwa karibu kinachotokea. Kijana amekaa nyuma ya msichana, amepitisha mkono chini ya kidevu chake, ameshika ukosi wa nguo upande wa pili na kuuvuta. Ile ni kabali. Mishipa ya shingo ikibanwa sawasawa, mtu hupoteza fahamu ndani ya sekunde kama kumi. Msichana ananyoosha kiganja na kugonga mkono wa kijana mara mbili: pa, pa, yaani "basi". Kijana anaachia. Haulizi kama alikuwa anatania, hasubiri agonge tena, hasemi "bado kidogo". Asipoachia papo hapo, anatolewa mkekani na kikundi kizima kinajua sababu. Dakika tatu baadaye zamu inageuka, na sasa ni yeye anayegonga na msichana ndiye anayeachia.

Niambie ni wapi pengine kijana wa miaka 16 anafundishwa jambo hilo kwa mwili wake, mara ishirini kwa jioni moja. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa 2015–16 ulikuta wanawake 4 kati ya 10 wa Tanzania, wa umri wa miaka 15 hadi 49, wameshapigwa au kufanyiwa ukatili mwingine wa mwili tangu wakiwa na miaka 15. Sidai kwamba judo itafuta hesabu hiyo. Ninadai kwamba msichana aliyezoea neno lake kusikilizwa mara moja, na mvulana aliyezoea kulisikiliza, wana kitu ambacho mkutano wa hadhara wenye mabango hauwapi. Ukiwatenga, mvulana atajifunza kumheshimu mvulana mwenzake anapogonga, na hilo tayari analijua.

Haki hiyo ya kugonga inaanza kabla ya kushikana. Mtu yeyote akatae mwenzi yeyote bila kutoa sababu, na asiadhibiwe. Kuhusu hatari ya kuvunjiwa heshima, ushahidi unaelekeza macho kwa aliye juu zaidi kuliko kwa rika. Mwaka 2013 kocha wa timu ya taifa ya wanawake ya Japani, Ryuji Sonoda, alijiuzulu baada ya wachezaji 15 kulalamika kwamba walikuwa wakipigwa mazoezini. Mwaka huohuo Masato Uchishiba, bingwa wa Olimpiki mara mbili, alihukumiwa kifungo cha miaka 5 kwa kumbaka mwanafunzi wake. Kwa hiyo mzazi, muulize mwalimu maswali makali kuliko unayomuuliza kijana: mlango unabaki wazi? Kuna mwanamke mtu mzima ukumbini? Anawahi kubaki na mtoto mmoja peke yake?

Sisi ni Waislamu. Dini na mila haziruhusu.

Sitamfundisha mtu dini yake. Haki ya kukataa mwenzi inamlinda binti yenu kikamilifu: ashikane na wasichana tu, na mwalimu apange zamu bila kumfanya ajione mzigo. Mwaka 2011 katika jimbo la Iowa, Marekani, mvulana mmoja alikataa kupigana mieleka na msichana kwa sababu ya imani yake, akapoteza pambano kwa hiari. Nadhani alitendewa haki, na msichana pia, maana yeye hakufukuzwa kwenye mashindano ili mvulana asisumbuke. Kuhusu mavazi, Wojdan Shaherkani wa Saudi Arabia alicheza judo London 2012 akiwa amefunika kichwa, baada ya viongozi wa mchezo kukubaliana naye aina ya kitambaa. Ama mila, Songea inamkumbuka mwanamke mmoja, Mkomanile, kila Februari 27 miongoni mwa mashujaa wa vita vya Majimaji. Hakuwa mpiganaji wa mieleka, lakini mji unaomheshimu mwanamke yule hauwezi kusema kwamba ushupavu wa mwanamke umeletwa na wageni.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mvulana. Nikimwachia nitachekwa, nikimbana nitaitwa katili. Nifanyeje?

Marahaba. Usimwachie. Ukijiangusha makusudi unamdanganya, na siku atakapohitaji mbinu ile kwa kweli haitafanya kazi. Ondoa nguvu, bakiza ujuzi. Mpige mtama kwa wakati sahihi, mguu wake ukiwa ndio kwanza unapokea uzito, na utaona ataanguka kwa msukumo wa kidole. Ukilazimika kutumia misuli ya mikono, ujue wakati wako haukuwa sahihi. Ndiyo maana mwenzi mwepesi ni mwalimu mzuri kwako: hakuachii nafasi ya kuficha makosa yako nyuma ya nguvu.

Hatuna mikeka ya kununua. Tunaanzaje?

Tafuteni maranda laini ya mbao, mahali yanapopasuliwa na kurandwa. Chekecheni misumari na vipande vigumu, yatandazeni ndani ya fremu ya mbao, yashindilieni kwa miguu, kisha juu yake vuteni turubai nene mpaka likaze kama ngoma. Kucha zikatwe, na mwenye mapunye apumzike mpaka apone. Wiki mbili za kwanza fundisheni kuanguka na kugonga, basi. Kabali isubiri mpaka kila mmoja awe anaachia bila kukumbushwa.