SOMO: KUKAA KARIBU NA MUGONJWA ANAYEKARIBIA KUFA



Somo la leo ni zito, lakini kila nyumba italipitia. Tunajua kumuombea mugonjwa apone. Je, tunajua kumutunza yule ambaye daktari ameisha kusema kwamba hatapona?

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mama mukubwa wangu alilazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Alikuwa na oksijeni puani, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. Sisi waombaji tulifika watu 6, tukazunguka kitanda, tukaomba kwa nguvu. Kila mara aliponyanyua mukono kutaka kusema, nilimwambia: «Mama, usiseme maneno ya kufa, amini tu.» Usiku tukarudi nyumbani. Alfajiri akafa. Muuguzi wa zamu ndiye aliyetuambia kwamba mama alitaka binti yake aitwe, yule waliyekosana naye, ili amusamehe. Muuguzi huyo alikuwa akilowesha midomo yake kwa kitambaa na kumusikiliza. Sisi tulikuwa na sauti. Yeye alikuwa na masikio.

Basi tujifunze kwa wauguzi.

1. Maumivu si ya mwili tu

Cicely Saunders wa Uingereza alikuwa muuguzi, kisha akasomea udaktari. Mwaka 1967 alifungua kule London nyumba ya kutunza watu wanaokaribia kufa, jina lake St Christopher's Hospice. Alifundisha kwamba maumivu ya mutu huyo yana sehemu 4: ya mwili, ya mawazo, ya jamaa, na ya roho. Sindano inatuliza ya mwili. Lakini anayejiuliza «watoto wangu ninawaachia nani?» anahitaji mutu wa kumujibu.

Tena, wengine wanakataa dawa ya morfini wakifikiri inaua. Ikitolewa na daktari kwa kipimo chake, inapunguza maumivu na shida ya kupumua. Kumukataza mugonjwa dawa hiyo si imani, ni kumuongezea mateso.

2. Mwili unapofunga kazi yake

Mikono na miguu inakuwa baridi. Mugonjwa analala sana, hataki kula. Usimulazimishe chakula, kinaweza kupita njia ya pumzi. Pumzi nayo inaweza kukoroma, kwa sababu hana tena nguvu ya kumeza mate. Muuguzi anamulaza upande. Kazi zinazobaki ni ndogo, lakini ni kubwa: kulowesha midomo, kumugeuza polepole, kubadilisha shuka, kufunika mwili wake asionekane uchi. Na mashine zikilia, muuguzi mwema anaangalia pia uso wa mutu, si mashine tu.

3. Sikio linaweza kuwa wazi

Hata asipojibu, mugonjwa anaweza kuwa anasikia. Kwa hiyo wauguzi wanamuita kwa jina lake, wanamwambia nani ameingia na nini watamufanyia. Sisi tusigombanie mali kando ya kitanda, wala tusitafute mulozi pale.

4. Mufano wa Beni

Tangu Agosti 2018 mupaka Juni 2020, Ebola iliua watu zaidi ya 2,200 huku kwetu mashariki, zaidi sana katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Jamaa wengi waliogopa kwamba mugonjwa akiingia kule hataonekana tena. Ndipo Beni vikawekwa vyumba vyenye kuta za plastiki inayoonyesha ndani. Jamaa alisimama nje, akaona uso wa ndugu yake, akamusemesha. Na watu waliopona Ebola walirudi kufanya kazi kule, wakabeba watoto na kuwapa wagonjwa moyo. Ikiwa hata ugonjwa ule haukuzuia watu kukaa karibu, sisi tutasema nini?

Tufanye nini?

Tuingie mutu 1 au 2, si kundi. Tuombe kwa sauti ya chini. Tumuulize mugonjwa: «Unataka kumuona nani? Unaogopa nini?» Kisha tunyamaze, tumuache ajibu. Kuomba apone na kumufariji anapokwenda havipingani. Mungu anasikia yote mawili. Na tumushukuru muuguzi, maana yeye pia anarudi nyumbani na huzuni.

Ule ujumbe wa mama mukubwa nilimupelekea binti yake siku ya matanga. Aliupokea akilia. Lakini jibu lake hakukuwa tena na mutu wa kulipokea.

Maswali ya kujiuliza nyumbani:
– Nikimutembelea mugonjwa, ninasema zaidi au ninasikiliza zaidi?
– Kuna mutu ambaye ningetaka aitwe kwangu siku ile? Kwa nini nisimuite leo?

Bwana atupe moyo wa kukaa karibu. Amina.

Shemasi wenu