RAM Kiasi Gani Inatosha Kuhariri Video? Vidokezo Vinane Kabla Hujalipa

Muuzaji wa kompyuta atakutajia bei, rangi na ukubwa wa kioo. Wewe unayehariri video, muulize kwanza RAM. Ikiwa pungufu, video ya harusi iliyoahidiwa Jumatano utakesha nayo hadi Ijumaa huku kioo kimeganda. Ikizidi mno, umelipia kitu ambacho kazi yako haikigusi. Vidokezo hivi vitakusaidia kupata kiasi chako.

1. Usichanganye RAM na diski

"Hii ina GB 512," utaambiwa dukani. Hiyo ni diski, mahali ambapo faili hukaa hata umeme ukikatika. RAM hubeba kile ambacho programu inakifanyia kazi sasa hivi, na kompyuta ikizimwa hufutika yote. Fundi cherehani huweka majora kwenye rafu, lakini kitambaa anachokikata lazima akitandaze mezani: diski ni rafu, RAM ni meza. Kwa hiyo uliza maswali mawili, siyo moja: RAM ngapi, na diski ngapi?

2. Anza na kamera yako

Video ikiwa kwenye diski huwa imebanwa. Unapoihariri, kila fremu hukunjuliwa. Fremu moja ya HD kamili, yaani pikseli 1920 kwa 1080, huchukua takriban MB 8.3 kwa rangi za biti 8. Fremu ya 4K, pikseli 3840 kwa 2160, hufika MB 33, mara nne ya ile ya HD. Kwa kasi ya fremu 25 kwa sekunde, sekunde moja ya 4K ni kama MB 830, na sekunde 10 zinapita GB 8!

Programu haiweki video nzima kwenye RAM, lakini hesabu hii inaonyesha kwa nini mashine iliyokuwa ikikimbia na HD hukwama siku unapoingiza klipu za 4K za droni. Ukipanga kamera tatu sambamba, mashine inakunjua fremu tatu kwa mpigo. Basi jiulize: unapiga HD au 4K? Kamera moja au tatu? Na mwakani je?

3. Soma masharti ya programu unayotumia

Kila kampuni hutaja kiwango chake. Adobe, kwa Premiere Pro, inataja GB 8 kuwa kiwango cha chini kabisa, inapendekeza GB 16 kwa HD, na GB 32 au zaidi kwa 4K. Kwa After Effects inaanzia GB 16 na kupendekeza 32, kwa sababu programu hiyo hutunza fremu kwenye RAM ili uone mjongeo bila kukatika. DaVinci Resolve kwenye Windows inataka GB 16, na 32 ukitumia sehemu yake ya madoido, Fusion. Kiwango cha chini maana yake ni kwamba programu itafunguka. Hakuna anayekuahidi kwamba utafanya kazi kwa raha.

4. Jiweke kwenye kundi lako

- GB 8: klipu fupi za HD za mitandao ya kijamii, bila madoido mengi. Usiifungulie kivinjari pembeni.
- GB 16: HD ya kazi kamili, kama mahubiri, mahojiano na sendofu ya kamera mbili. Pia 4K nyepesi ukitumia proksi, yaani nakala nyepesi za klipu (tazama kidokezo cha 8).
- GB 32: 4K ya kila siku, kamera kadhaa, kusahihisha rangi na maandishi yanayojongea. Hapa ndipo wengi wanaoishi kwa kazi hii wanapotulia.
- GB 64 na zaidi: After Effects nzito, 6K au 8K, au programu mbili kubwa zikiwa wazi kwa pamoja.

5. Ihoji mashine uliyonayo

Kabla ya kununua, fungua mradi wako mzito kuliko yote. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, chagua "Performance", kisha "Memory". Hariri kama kawaida dakika kadhaa. RAM ikiwa inakaribia kujaa muda wote, ndiyo inayokukwamisha. Ikiwa nusu yake imekaa bure na bado video inakatika, kasoro iko kwingine: prosesa, kadi ya michoro au diski. Hapo kuongeza RAM hakutakuponya.

6. Uliza kama inaongezeka

Swali hili huokoa fedha nyingi. Kwenye kompyuta nyingi za mezani unaweza kuongeza RAM baadaye. Kompyuta mpakato nyingi nyembamba zina RAM iliyochomelewa kwenye bodi kuu, na kiasi unachonunua leo utazeeka nacho. Mac zenye chipu za M1 na zilizofuata, za mpakato na Mac mini pia, ni hivyo hivyo: RAM yake haiongezeki. Apple ilipandisha kiwango cha kuanzia cha iMac, Mac mini, MacBook Air na MacBook Pro hadi GB 16 mwaka 2024, lakini sokoni zipo zilizotumika zenye GB 8. Zitazame mara mbili. Kama haiongezeki, panda ngazi moja juu ya mahitaji yako ya sasa.

7. Nunua vipande viwili vinavyolingana

Bodi nyingi husoma RAM kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Vipande viwili vya GB 16 huenda kasi kuliko kimoja cha GB 32, hasa kama kompyuta haina kadi ya michoro inayojitegemea, maana hapo michoro nayo hula RAM hiyo hiyo. Hakikisha aina pia: DDR4 haiingii kwenye tundu la DDR5, na RAM ya mezani haiingii kwenye mpakato.

8. Usiimalize bajeti kwenye RAM

GB 64 juu ya diski ya zamani ya kuzunguka ni fedha iliyokwama. Hakikisha kuna SSD. Kama unatumia DaVinci Resolve, kumbuka kwamba inategemea sana kadi ya michoro, na kadi hiyo ina kumbukumbu yake isiyohusiana na RAM unayoongeza. Bajeti ikibana, tumia proksi: nakala nyepesi za klipu unazohariri nazo, kisha programu inarudi kwenye klipu halisi wakati wa kutoa video. Hazigharimu hata senti.

Uwe kwenye maduka ya Kariakoo au ya Luthuli Avenue, usilipe kwa kusoma kibandiko. Omba kompyuta iwashwe, fungua ukurasa ule ule wa "Memory", uone RAM iliyomo, matundu yaliyotumika na yaliyo wazi. Muuzaji mwaminifu hatakunyima dakika mbili.

Ukitaka jibu moja tu: kama unahariri HD, nunua GB 16 kwenye mashine inayoongezeka. Kama 4K ndiyo mkate wako, nunua GB 32, na usikubali kushawishiwa kushuka chini ya hapo.