BATLI YA PROGRAMU: NAMNA YA KUIFANYA JAVA ISEME KILICHOIPATA

Najua wapo ambao wakiliona tu neno Java wataruka moja kwa moja hadi ukurasa wa mashairi. Hebu tulia kidogo. Jambo lenyewe si geni kwa mwanachama wa chama cha Kiswahili, maanake ni habari ya kuandika kilichotokea ili mwingine aje akisome baadaye.

Manahodha walikuwa na daftari ambalo waliandika mambo ya safari kila siku: upepo umetoka wapi, chombo kimekwenda kasi gani, nani ameugua, tanga lipi limepasuka. Daftari hilo kwa Kiswahili ni batli. Waingereza waliliita kwa jina la gogo, kwa sababu mabaharia wao walikuwa wakitupa majini kipande cha ubao kilichofungwa kamba yenye mafundo, wakahesabu mafundo yanayowapita mkononi ili wajue kasi ya meli, kisha wakaiandika hesabu hiyo. Watu wa tarakilishi wakalirithi jina hilo, na siku hizi utawasikia wenzetu wakisema "logi" na "kulogi". Kwa sikio la Mswahili hapo pana harufu ya uchawi! Mimi nitasema batli, na aliye na neno bora zaidi na alilete.

Programu nayo ina safari yake. Inafungua faili, inahesabu, inahifadhi, inakwama. Mwanafunzi anayeanza Java huandika System.out.println kila mahali ili aone programu imefika wapi. Si vibaya, lakini maneno hayo huenda kwenye lile dirisha jeusi tu, na dirisha likifungwa yametoweka. Tena hayana saa, hayasemi yametoka sehemu gani ya programu, na ukitaka kuyanyamazisha ni lazima uyafute moja moja.

Ndiyo sababu kuna zana maalumu. Java yenyewe ilitolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka wa 1995, na baadaye ikaja zana ya batli iitwayo Log4j, ambayo mwanzilishi wake ni Ceki Gülcü. Leo inatunzwa na shirika la Apache. Toleo lake la kwanza liliachwa kutunzwa rasmi mwaka wa 2015. La pili lilikuwa limekwisha kutoka tangu 2014. Ukumbuke vizuri kwamba hayo ni matoleo mawili tofauti, kwa sababu kisa nitakachokieleza kimesimama juu ya tofauti hiyo.

Zana hii ina sehemu tatu. Kwanza loga, yaani mwandishi. Kila klasi katika programu inaweza kuwa na loga yake yenye jina lake. Pili ni apenda, naye ni mpelekaji: huyapeleka maneno kwenye faili, kwenye dirisha jeusi, au kwingineko. (Apenda huyu hapendi mtu yeyote, ni jina tu.) Tatu ni mpangilio, ambao husema mstari utaonekanaje: tarehe ianze, kisha uzito wa jambo, kisha jina la loga, kisha maneno yenyewe.

Uzito huo ndio unaoitwa ngazi. Kuanzia chini ni TRACE, DEBUG, INFO, WARN, ERROR, na juu kabisa FATAL. Ukiiambia zana ianzie INFO, basi TRACE na DEBUG zitanyamaza na nyingine zote zitaandikwa. Ni kama kiranja wa zamu. Akiambiwa aandike makosa makubwa tu, huwezi kumlaumu kwamba hakuandika nani alisinzia.

Sasa tuje kwenye kisa. Katika shule moja, vitabu vya kiada huazimwa kwa programu ndogo ya Java iliyoandikwa na kijana aliyemaliza masomo hapo. Mwanafunzi akirudisha kitabu, kiranja wa maktaba huingiza namba yake, kioo kikasema "Kimepokelewa", mambo yakaisha. Muhula wa pili mwaka wa 2025 malalamiko yakaanza. Mwanafunzi anasema amerudisha, programu inasema bado anacho. Mmoja wa Kidato cha Pili alitumwa nyumbani alete pesa za kitabu cha Hisabati.

"Mwalimu, haki nilikirudisha, hata kiranja aliniona."

"Kijana, mashine haina sababu ya kukusingizia."

Na kweli haina. Lakini kutosingizia ni jambo moja, na kusema yote unayoyajua ni jambo lingine. Kwetu sisi wa shule za kutwa, kutumwa nyumbani si safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Wengine hukaa wiki nzima wakingoja mzazi apate. Kwa hiyo mwalimu wa somo la tarakilishi alipouliza nani atakaa naye baada ya masomo kuitazama programu, wanachama watano tulijitolea.

Swali la kwanza lilikuwa rahisi: batli iko wapi? Tulitafuta faili, hatukuona. Ndani ya programu amri za kuandika batli zilikuwepo, tena nzuri, kila kitabu kinachoshindwa kuhifadhiwa kiliandikiwa mstari wa ERROR. Basi ile mistari ilikuwa ikienda wapi?

Hapa ndipo wengi hukosea wakaanza kubadilisha programu yenyewe. Mwalimu alikataa. Alisema tuiulize zana kwanza inafikiri nini. Log4j toleo la pili ina njia ya kusimulia mambo yake ya ndani. Badala ya kubonyeza picha ya programu mara mbili, unafungua dirisha jeusi na kuandika:

java -Dlog4j2.debug -jar maktaba.jar

Ikaanza kumwaga maneno mengi, na katikati yake ikatwambia kwamba haikuona faili la maagizo, kwa hiyo inatumia desturi yake ya kawaida. Desturi hiyo ni kuandika ERROR na zaidi, na kuyapeleka kwenye dirisha jeusi. Lakini maktaba programu hufunguliwa kwa picha, na ikifunguliwa hivyo hakuna dirisha jeusi! Kila siku programu ilikuwa ikipiga kelele kwenye chumba kisicho na mtu.

Lakini faili la maagizo lilikuwepo, tuliliona kwa macho yetu ndani ya programu. Jina lake log4j.properties. Sasa kumbuka nilichokuomba ukumbuke. Hilo ndilo jina linalotafutwa na toleo la kwanza. Toleo la pili hutafuta log4j2.properties, au log4j2.xml na ndugu zake. Ni dhahiri zana ilibadilishwa ikawekwa mpya na faili likabaki la kale. Tarakimu moja tu, 2, ndiyo iliyoleta haya yote.

Wala usidhani dawa ni kulibadilisha jina tu. Lugha ya ndani nayo ni tofauti, na maagizo ya kale katika toleo jipya hayaeleweki. Tuliliandika upya hivi:

status = warn
appender.faili.type = File
appender.faili.name = Faili
appender.faili.fileName = C:/maktaba/batli.log
appender.faili.layout.type = PatternLayout
appender.faili.layout.pattern = %d %p %c - %m%n
rootLogger.level = info
rootLogger.appenderRef.faili.ref = Faili

Lisome polepole. Mstari wa kwanza ni wa zana kujisemea yenyewe, hauhusu programu yako. Mitano inayofuata inamtengeneza apenda: ni wa aina ya faili, jina lake Faili, anaandika mahali fulani kwa mpangilio fulani. Katika mpangilio, %d ni tarehe na saa, %p ni ngazi, %c ni jina la loga, %m ni maneno, na %n hukata mstari. Miwili ya mwisho inamhusu loga mkuu, baba wa loga wote: aandike kuanzia INFO, na ampe Faili kazi hiyo. Neno la mwisho, Faili, lazima lifanane herufi kwa herufi na lile la mstari wa tatu. Ukiandika "faili" kwa herufi ndogo, mpelekaji hataonekana.

Jambo la mahali pa faili lataka uangalifu. Ukiandika batli.log peke yake bila folda, litaandikwa katika folda ambamo programu imeanzishiwa, ambayo si lazima iwe ile programu inamokaa. Ukianzisha leo kutoka hapa na kesho kutoka kule, utakuwa na batli mbili na kila moja ina nusu ya habari. Ndiyo maana sisi tuliandika njia yote kuanzia C. Tena hakikisha kwamba anayetumia tarakilishi ana ruhusa ya kuandika katika folda hiyo.

Tuliiacha programu ifanye kazi. Siku ya Jumanne batli ikasema:

2025-06-17 13:12:40,318 ERROR maktaba.Rejesho - Kitabu 0412 hakikuhifadhiwa

Chini yake ikafuata mistari mingi ya Java, na ndani ya mistari hiyo neno la maana lilikuwa hili: hifadhidata imefungwa. Saa saba na dakika kumi na mbili mchana ni wakati wa chakula, ambapo maktaba hujaa. Viranja wawili walikuwa wamefungua programu mara mbili katika tarakilishi ile ile, madirisha mawili, ili foleni iende haraka. Hifadhidata ile ni ya faili moja, na huruhusu mwandishi mmoja kwa wakati mmoja. Dirisha la pili lilikataliwa, programu ikaandika ERROR yake, kisha ikaonyesha "Kimepokelewa" kana kwamba hakuna kitu.

Viranja hawana lawama hapa. Hakuna aliyewaambia wasifungue mawili, na kioo kiliwaambia kitabu kimepokelewa.

Batli, hata hivyo, hairudi nyuma. Haikuweza kusema lolote juu ya vitabu vya kabla ya siku tuliyoiweka. Lakini ilitosha kumfanya mwalimu wa maktaba afunge mlango alasiri moja na kupitia rafu akiwa na orodha mkononi, namba kwa namba. Kitabu cha Hisabati cha yule wa Kidato cha Pili kilikuwa rafu ya tatu. Vingine kadhaa vilipatikana vivyo hivyo, na majina yakafutwa. Vichache havikuonekana kabisa, na hivyo viliendelea kudaiwa.

Kuna matatizo mengine mawili ambayo utakutana nayo. La kwanza ni mstari mmoja kuandikwa mara mbili. Mtu humpa loga wa klasi yake apenda, na loga mkuu naye ana apenda yule yule. Mtoto akishaandika, habari humpandia baba naye akaandika tena. Dawa ni kumwambia mtoto asimpelekee baba, kwa kuweka additivity kuwa false. La pili ni pale programu inapotumia SLF4J, ambayo ni kama wakala anayesimama mbele ya zana halisi. Ukimweka wakala bila zana yoyote nyuma yake, atalalamika mara moja mwanzoni, kisha atayameza maneno yote kimya.

Mwisho, tahadhari. Batli si mahali pa kuandika kila kitu. Mwezi wa Mei 2018 kampuni ya Twitter iliwaomba watumiaji wake wapatao milioni 330 wafikirie kubadilisha nywila, kwa kuwa nywila zilikuwa zimeandikwa wazi katika batli yake ya ndani. Na Desemba 2021 ikatangazwa hitilafu katika Log4j yenyewe, wakaiita Log4Shell. Zana ilikuwa haiandiki maneno tu, bali ikiona alama fulani ndani ya maneno ilizitii na kwenda kuleta programu kutoka mtandaoni. Basi adui aliweza kuandika alama hizo mahali pa kujaza jina, na zana ikamfungulia mlango. Ilipewa alama 10 kwa 10 za hatari, na ndani ya mwezi huo huo yalitolewa marekebisho 2.15.0, 2.16.0, 2.17.0 na 2.17.1. Ukikuta programu yenye Log4j 2.14 au ya chini yake, hata kama ni ya klabu tu, iwekee mpya kwanza ndipo uendelee na mengine.

MAZOEZI

1. Katika faili la maagizo hapo juu, badilisha mstari mmoja tu ili DEBUG nayo iandikwe. Ni mstari upi?

2. Ukiandika status = debug ndani ya log4j2.properties ilhali zana hailioni faili hilo, utapata msaada wowote? Eleza kwa nini sisi tulitumia -Dlog4j2.debug badala yake.

3. Kwa maoni yako, kiranja akirudishiwa kitabu na programu ikashindwa kuhifadhi, kioo kimwambie nini? Andika sentensi yenyewe kwa Kiswahili, isizidi maneno kumi. Majibu apewe katibu wa chama kabla ya likizo. Sentensi itakayochaguliwa ndiyo tutakayoiweka katika programu.