Wauzaji wa Vifaa vya Viwandani na Vyeti Vyao



Likizo iliyopita nilimsaidia baba mdogo katika mashine yake ya kusaga unga. Mashine ya kusaga ni kiwanda kidogo, nayo haiwezi kufanya kazi pasipo watu wa kuiletea vifaa. Baba mdogo alinunua waya mpya wa umeme. Ukutani mwa duka palitundikwa cheti katika fremu nzuri, naye alipokiona akaridhika. Siku ya tatu waya ulipata moto, ganda likayeyuka, na mota ikaungua. Fundi alipoukata, tuliona kuwa shaba yake ilikuwa nyembamba kuliko kipimo kilichoandikwa juu yake. Mashine ilisimama majuma mawili, na akina mama wakabeba mahindi yao mpaka kijiji cha pili.

Tangu siku ile nilijiuliza: je, cheti kile kilishuhudia nini? Mwalimu wetu wa somo la Biashara alinisaidia kupata jibu, nami napenda kuwagawieni.

Kwanza, yatupasa kuwajua wauzaji wenyewe. Wa kwanza ni mwenye kiwanda, atengenezaye kitu kwa mikono yake. Mfano ni kiwanda cha saruji cha Wazo, Dar es Salaam, kilichoanza kazi mwaka 1966. Wa pili ni mwagizaji, aletaye bidhaa kutoka nchi za nje. Wa tatu ni msambazaji, anunuaye kwa wingi, akaweka ghalani mwake, kisha akawauzia wenye maduka. Wa nne ni wakala. Huyu mali si yake. Huwakutanisha mwuzaji na mnunuzi, akapata ujira wake. Wa tano huuza kazi, wala si kitu, kama fundi wa kutengeneza mitambo. Faida ya kuwatambua ni hii: kitu kikiharibika, utajua nani wa kumwendea.

Pili, vyeti. Kila cheti hujibu swali moja tu, wala hakijibu swali la mwenziwe.

Cheti cha BRELA husema kwamba kampuni au jina la biashara limesajiliwa. Namba ya mlipa kodi, itolewayo na TRA, husema kwamba mfanyabiashara anajulikana kwa watoza kodi. Leseni ya biashara, itolewayo na BRELA au Halmashauri kwa kadiri ya aina ya biashara, humruhusu kuuza. Vyote vitatu vyamhusu mtu, wala havisemi neno lo lote juu ya ubora wa waya.

Ubora wa bidhaa hushuhudiwa na alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ambalo asili yake ni sheria ya mwaka 1975. Mwenye kiwanda hupewa leseni ya kutumia alama hiyo kwa bidhaa iliyopimwa, si kwa kila kitu atakachotengeneza baadaye.

Kuna na cheti cha ISO 9001, ambacho wengi hukifahamu vibaya. Kiwango hiki kilitolewa mara ya kwanza mwaka 1987. Chenyewe hueleza utaratibu wa kazi: kuweka kumbukumbu, kukagua, na kusahihisha makosa. Shirika la ISO, lenye makao yake Geneva, hutunga viwango tu; vyeti hutolewa na wakaguzi wengine. Basi anayesema, “ISO wamenipa cheti,” aulizwe tena: ni mkaguzi gani aliyekupa, kwa kazi ipi, na kitakwisha lini?

Sasa nimejua. Cheti kile cha dukani kilikuwa cha kusajili jina la biashara. Hakikuwa cha uongo hata kidogo. Sisi ndio tuliokiuliza swali lisilo lake. Tena baba mdogo hakudai risiti, hivyo hakuwa na cha kumwonyesha mwenye duka aliporudi kulalamika.

Wazee husema mchagua jembe si mkulima. Lakini nadhani wazee hao walilijua jembe na mhunzi aliyelifua. Sisi hatumjui aliyetengeneza waya wetu, kwa hiyo hatuna budi kuuliza. Wazazi wetu wanaponunua mabati, saruji au nyaya, na wasome cheti mpaka mwisho, walinganishe jina lake na jina lililo kwenye bidhaa, na watunze risiti. Kuuliza si ujinga.